Mjusi wa Miyako

SWALI: Shangazi, mwanangu amesoma kuhusu mjusi wa nyasi wa Japani anayetoweka. Mbona mijusi wametujaa ukutani? – Mama Saumu, Kisauni

JIBU: Mama Saumu, mjusi kafiri wa dari yako hustawi majumbani. Huyu wa nyasi hapatikani popote ila visiwa vya Miyako, mkoani Okinawa, Japani. Wataalamu walimtambulisha kisayansi mwaka 1996. Ni kijani kibichi, mwembamba, na mkia wake umeuzidi mwili zaidi ya mara mbili. Mkia huo humsaidia kupita juu ya majani bila kuanguka. Nyasi zikifyekwa, maficho yamekwisha. Isitoshe, watu walileta vicheche wawinde panya, nao huwala mijusi hawa. Inaniuma sana. Mwambie mwanao azidi kuuliza.