Barua kwa mwanangu aliye Jos: mumeo na uongozi wa Wairigwe

Mwanangu Ndeshi,

Shikamoo zako zimefika, marahaba. Mama yako hajambo, goti lake limetulia, na kahawa tumeanza kuichuma.

Umeniuliza jambo zito. Unasema mumeo ameombwa na wenzake agombee uongozi katika tawi la Jos la chama cha maendeleo cha Wairigwe, kabila lake huko Nigeria, naye anaelekea kukubali, ila wewe roho inasita. Umeandika: "Baba, ulitulea ukituambia ukabila ni sumu. Leo nimuunge mkono mume wangu aongoze chama cha kabila?"

Muunge mkono, mwanangu.

Ukabila niliowakataza ni ule wa kumnyima mtu haki yake kwa sababu ya kwao, na hapo sijarudi nyuma hata hatua moja. Lakini ninyi mmekulia Moshi, katika nchi iliyofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, mkazoea kuona shida za kijiji zinapelekwa kwa mwenyekiti na ofisi ya kata. Nigeria haikupita njia hiyo. Huko serikali ya jimbo inamtambua mtawala wa jadi. Katika Bassa pekee, wilaya yao, Wairigwe wanaishi jirani na Warukuba, Wabuji, Waamo na wengine, na kila jamii ina wakubwa wake wa kuisemea. Jamii itakayokaa kimya haitapewa barabara wala zahanati, na mpaka wa ardhi yake utapangwa na wengine. Mumeo akijitenga, atakuwa amewapunguzia ndugu zake msemaji mmoja aliyesoma, na sioni taifa la Nigeria litapata faida gani kwa hilo.

Kinachonifanya niandike kwa kirefu ni namna watu hawa walivyoshikamana tangu zamani. Tulipokuja Miango kwenye harusi yenu nilikaa na wazee nikawauliza mengi, na baadaye nikayatafuta maandishi ya Walter Sangree, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi kwao miaka ya 1960. Hawakuwa na mfalme mmoja mwenye askari wa kuwalazimisha. Walikuwa wamegawanyika katika pande mbili, Miango na Kwall, na ndani ya pande hizo mna sehemu nyingi za koo. Kila sehemu ilikuwa na wajibu wake katika mila, na sehemu nyingine zote zikautegemea. Sehemu moja ikisusa, mwaka wa kilimo na uwindaji unaharibika kwa wote. Kwa hiyo hata waliochukiana walilazimika kutafutana.

Jambo la pili ni ndoa, na hili nitalisema kwa heshima kwa kuwa ni ukoo wako sasa. Zamani mwanamke wa Kiirigwe aliweza kuolewa na mume zaidi ya mmoja, wa sehemu tofauti, na talaka haikuwepo. Alihama kwa mume huyu akaenda kwa yule, ndoa ya kwanza ikabaki ndoa. Bila shaka wanaume waligombana kwa wivu. Lakini Sangree aliona kwamba kwa njia hiyo kila sehemu ilikuwa na mke, mama au mtoto katika sehemu nyingine, na ni vigumu kuichoma moto nyumba aliyomo mama yako. Mwaka 1968 baraza lao lenyewe likaamua kuzifuta ndoa hizo za pili. Mimi ni Mlutheri, siwezi kuulaumu uamuzi huo. Nataka tu mumeo aone kwamba wazee wake waliwahi kukaa kitako wakabadilisha jambo kubwa kabisa la maisha yao, na kwamba walipolifuta, kazi iliyokuwa ikifanywa na ndoa zile ilibaki ikimngoja mtu wa kuifanya. Makanisa yamebeba sehemu yake, shule pia. Chama anachotaka kukiongoza kibebe sehemu iliyobaki: Miango na Kwall waendelee kuhitajiana.

Nayajua haya kwa sababu ya mlima wetu, Kilimanjaro. Babu yako alizaliwa wakati Mkibosho na Mmachame bado wanasimuliana vita vya mababu zao. Tulikuwa na mangi wengi, yaani machifu, kila mmoja na eneo lake. Mwaka 1952 tukampata Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle, na watu wakashangilia kweli, lakini kufikia 1960 cheo hicho kilikuwa kimeondolewa kwa kura. Kahawa ndiyo iliyodumu. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, na mkulima wa Rombo na wa Machame wakajikuta wanauza kupitia chama kimoja na kulia pamoja bei ikianguka. Ndiyo maana namwambia mkwe wangu asitegemee cheo kiwaunganishe watu. Hata Bra Ngwe Irigwe, mtawala wao mkuu, nguvu yake ni pale sehemu zote zinapomjia kwa hiari.

Sasa lile unalolihofia bila kuliandika. Najua kwa nini roho inasita, maana nami habari za huko huninyima usingizi. Oktoba 2017 watu waliokimbilia darasani katika shule ya msingi ya Nkiedonwhro waliuawa humo humo. Agosti 2021 vijiji vya Miango vilichomwa na mazao yakafyekwa shambani yakiwa mabichi. Usiku wa kuamkia 14 Aprili 2025 huko Zike, upande wa Kwall, waliuawa watu zaidi ya 40, na watoto wamo. Kiongozi wa jamii iliyopitia hayo huitwa msibani kabla hajaitwa mkutanoni.

Hapo ndipo nitakapompima. Agosti ile ile ya 2021, wasafiri Waislamu waliokuwa wakipita Jos wakitoka Bauchi waliuawa katika barabara ya Rukuba, na lawama zikaelekezwa kwa vijana wa Irigwe. Watu wale hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote wa Miango. Mumeo akiwa kiongozi, siku kama hiyo aseme mbele ya vijana wake mwenyewe, kwa lugha yao, kwamba msafiri asiye na hatia ni mtu wa kulindwa. Atazomewa. Aseme hivyo hivyo. Na atafute namba za simu za wakubwa wa Wafulani, wafugaji wa ng'ombe wanaoishi karibu, awe nazo leo, wakati wa amani, ajue nani anapokea simu saa nane za usiku ng'ombe wakiingia shambani au wakiibwa. Kwetu aliyekosa akikuletea jani la sale huwezi kumkatalia msamaha. Awaulize wazee wa pande zote mbili huko wana nini cha namna hiyo, maana wataalamu wa warsha hawatakijua.

Nakukumbusha ulivyokaa uani na mama mkwe wako, nyuma ya ule ua wa miti yenye utomvu, mkiosha acha, ile nafaka yao ya punje ndogo. Alikuonyesha kuzungusha kibuyu ndani ya maji taratibu, mchanga ubaki chini na punje nyembamba zimwagike upande wa pili, tena na tena, na alipozitia mdomoni kuzijaribu akazirudisha majini. Wanawake wale walikuwa wakiongea mambo ya nani hasalimiani na nani tangu Kwall mpaka Jos, na wanaume barazani hawakuyajua. Mwambie mumeo akitaka habari za kweli aanzie uani. Na wanawake wawemo katika kamati yenye kushika fedha, si ya mapishi tu.

Fedha: michango isomwe hadharani kila mwezi, matumizi pia. Asishike yeye.

Na kabla hajachukua fomu, kwa kuwa yeye ni wa Miango, aende Kwall akalale huko siku chache, awasikilize bila kuomba kura.

Nitatuma mchango wangu kwa waliokimbia makazi yao, utaukabidhi kanisani. Mama yako anauliza mjukuu ameota jino au bado.

Baba yako