Mume wako mzima, sindano ya nini?

Wiki hii dada mmoja wa Mbagala ameniandikia: "Dada, mirija yangu imeziba. Mume wangu kapimwa mbegu, hana tatizo, lakini kliniki wametuandikia ICSI, ile ya kudunga mbegu ndani ya yai kwa sindano. Wanasema ndiyo ya kisasa. Nilipe?" Ujumbe umenikuta dukani, nikamwacha mteja anapekua vitenge peke yake.

Maana hilo la "ya kisasa" niliambiwa na mimi. Hela tulishaikusanya: mkopo wa vikoba na kiwanja cha Chanika tulichouza kwa bei ya kutupa. Mirija iliyoziba ilikuwa yangu. Mbegu za mume wangu zilikuwa nzuri kwa idadi, mwendo na maumbo. Kutazama karatasi ya gharama, ICSI imo na hesabu imepaa. Nikauliza kwa nini. Mhudumu akanipandisha akanishusha: "Mama, kwani unataka mtoto au unataka kubana hela?" Mpaka leo nikimkumbuka moyo unaniuma.

Mimi nafanya biashara Kariakoo. Anayeniongezea kitu kwenye risiti atanieleza ni cha nini.

Aliyenieleza vizuri ni daktari wa kliniki nyingine, mzee asiye na papara. Kwenye IVF ya kawaida, yaani kurutubisha mayai maabara, yai huwekwa kwenye kisahani pamoja na maelfu ya mbegu, zikashindana zenyewe mpaka moja iingie. Kwenye ICSI, mtaalamu wa maabara huchagua mbegu moja akaidunga ndani ya yai kwa sindano ya kioo, akitazama kwa darubini. Mimba za kwanza za njia hiyo zilitangazwa Ubelgiji mwaka 1992, ikawa ukombozi kwa wanaume ambao mbegu zao ni chache mno, haziogelei, au hutolewa kwa upasuaji kwenye korodani. Hao ICSI ni haki yao, wasibabaishwe na mtu.

Je, mbegu zikiwa nzima? Huko Vietnam walichukua jozi 1,064 za wenza, wanaume wote idadi na mwendo wa mbegu uko sawa, wakawagawa kwa bahati nasibu. Matokeo yalitoka 2021: waliojifungua ni asilimia 35 kwa ICSI na 31 kwa IVF ya kawaida, pengo ambalo kitakwimu halithibitishi kwamba sindano ndiyo iliyosaidia. Wala sindano haifufui yai lililochoka kwa umri. Lakini Marekani, kwa wenza ambao mwanaume hana tatizo, matumizi ya ICSI yalipanda kutoka asilimia 15 mwaka 1996 hadi 67 mwaka 2012. Jiulize.

Nisiwaonee. Maabara huogopa siku ambayo hakuna yai hata moja litakalorutubishwa, na siku hiyo ipo, ingawa ni nadra. Mimi nilichagua IVF ya kawaida, na usiku baada ya kutolewa mayai sikulala. Asubuhi simu ikalia: mengi yamekubali! Sindano za tumboni na kusubiri kipimo nayaruka, mnayajua. Binti yangu sasa yuko chekechea, na wifi aliyekuwa akiniita mgumba kwenye vikao vya harusi ndiye anayegombania kumbeba.

Wanawake wenzangu, tuache kutetemeka mbele ya koti jeupe! Kuuliza si utovu wa adabu. Mungu hutoa mtoto, lakini akili ya kuuliza alishakupa. Uliza. Usipoelewa, uliza tena.

Wewe wa Mbagala, nenda na mume wako, mmuulize daktari: mbegu hizi zina kasoro gani? Akitaja sababu, labda mlishafanya IVF mayai yakagoma kurutubishwa, au mayai yaligandishwa, msikilizeni na mlipe. Akirudia "ya kisasa", ombeni IVF ya kawaida. Na kwa kuwa sampuli ya siku ya kutoa mayai inaweza kuwa mbaya ghafla, waandike kwenye karatasi hiyohiyo mtaongeza shilingi ngapi mkilazimika kuhamia ICSI, kabla hujatoa hata senti.