Aspirini ya miligramu 75: maswali ya wasomaji na majibu yake

Barua nyingi zilizonifikia karibuni zinahusu kidonge kidogo cha aspirini ambacho watu humeza kila siku ili damu isigande mishipani. Nimechagua chache ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi, na majina ya walioziandika nimeyahifadhi. Majibu haya ni ya kukuandaa kuzungumza na daktari au mfamasia anayeijua hali yako, wala hayachukui nafasi ya mazungumzo hayo.

Nina umri wa miaka 63, sijawahi kuugua moyo wala kiharusi, na kisukari sina. Wenzangu wa barazani karibu wote humeza aspirini ya 75 kila asubuhi, nao wananihimiza nianze kabla sijafikwa na jambo. Je, nianze? (Msomaji wa Bamburi)

Mzee wangu, kwa maelezo uliyonipa, usianze. Najua jibu hili litawashangaza wenzako, kwa sababu kwa miaka mingi hata sisi watu wa dawa tuliwahimiza wazee waimeze, kwa hiyo nitaeleza sababu kwa kirefu.

Mtu anapojikata, chembe ndogo za damu ziitwazo chembe sahani hukusanyika kwenye jeraha na kushikamana ili kuliziba. Chembe hizo hizo zikishikamana ndani ya mshipa ambao utando wake wa mafuta umepasuka, hufanyika bonge linaloziba njia ya damu, na hapo ndipo unapotokea mshtuko wa moyo au kiharusi. Aspirini huzima kimeng'enya ambacho chembe hizo hukitumia kuitana, na chembe iliyokwisha kuzimwa haipati tena uwezo huo mpaka ife, yaani baada ya siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kipimo kidogo cha miligramu 75 hadi 100, mara moja kwa siku, kinatosha. Lakini dawa hii haichagui mahali pa kufanyia kazi: inayozuia bonge lisifanyike moyoni ndiyo inayozuia damu isikatike kwenye kidonda cha tumbo, au kwenye mshipa uliopasuka ubongoni.

Kwa mtu aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, au kiharusi kilichosababishwa na bonge la damu, au aliyewekewa stenti (kijibomba cha waya kinachoachwa ndani ya mshipa wa moyo ili usizibe), hatari ya bonge jingine ni kubwa mno kiasi kwamba faida huipita hasara. Kwa mtu kama wewe hatari hiyo ni ndogo, ilhali hatari ya kuvuja damu inakua kadiri umri unavyosogea. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa ASPREE, uliowafuatilia wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo. Waliopewa miligramu 100 za aspirini kila siku hawakupata nafuu ya maana dhidi ya maradhi ya moyo na kiharusi, lakini walivuja damu zaidi kuliko wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka huo huo utafiti wa ASCEND wa Uingereza, uliohusu watu 15,480 wenye kisukari, ulionyesha kwamba kwa muda wa takriban miaka 7, katika kila watu 1,000 waliotumia aspirini, kiasi cha 11 waliepushwa na tukio kubwa la moyo au mishipa, na kiasi cha 9 wakavuja damu vibaya. Kutokana na ushahidi wa namna hiyo, jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilishauri mwaka 2022 kwamba mtu wa miaka 60 na zaidi asianzishiwe aspirini kwa ajili ya kujikinga na tukio la kwanza.

Kinachokufaa zaidi ni kupima shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu, na kuacha sigara ikiwa unavuta. Presha iliyopanda bila kutibiwa ndiyo chanzo kikubwa cha viharusi, na kumeza aspirini huku presha iko juu kunaongeza uwezekano wa damu kuvuja ubongoni. Wenzako nao wasikurupuke kuacha leo kwa sababu ya maneno haya, maana huenda miongoni mwao yumo aliyeandikiwa dawa hiyo na daktari kwa sababu ambayo hajaisema barazani. Kila mmoja na aulize kwanza aliandikiwa kwa sababu gani.

Mama yangu ana miaka 67. Alipata kiharusi mwaka jana, picha ya ubongo ikaonyesha ni cha bonge la damu, akapewa aspirini ya 75. Sasa magoti yanamuuma na dukani wanatuuzia diklofenaki au ibuprofeni. Kuna ubaya? (Msomaji wa Kisauni)

Upo, dada yangu, na naomba ulichukue jambo hili kwa uzito. Mama ni miongoni mwa wale ambao aspirini ni yao hasa, na hapaswi kuiacha bila ya kauli ya daktari. Dawa za maumivu ulizozitaja humwongezea hatari ya vidonda vya tumbo na kuvuja damu, huweza kupandisha presha na kuzidhoofisha figo, na diklofenaki yenyewe inahusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Ibuprofeni ina kasoro nyingine: hukalia mahali pale pale ambapo aspirini hufanyia kazi kwenye kimeng'enya, na kwa kuwa aspirini haikai muda mrefu katika damu, inapita bila kufanya kilichokusudiwa. Anayelazimika kuitumia ibuprofeni siku moja moja, kwa ushauri wa daktari, atangulize aspirini ya kawaida isiyo na utando na asubiri angalau nusu saa. Kwa mama, hata hivyo, ningeanza na parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, visivyozidi vinane kwa saa 24, tena ipunguzwe ikiwa ni mwembamba sana au ana ugonjwa wa ini. Dawa ya kupaka kwenye magoti na mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja navyo husaidia.

Kwa umri wake, muulizeni daktari kama anahitaji dawa ya kulinda tumbo kama omeprazoli, na kama inafaa apimwe bakteria wa vidonda vya tumbo. Kidonge chenye utando wa nje hupunguza kiungulia tu. Hakizuii kuvuja damu, kwa sababu madhara makubwa hutokana na dawa iliyokwisha kuingia katika damu, si na kidonge kinapogusa tumbo. Mama akipata choo cheusi chenye kunata kama lami, akitapika damu au kitu kinachofanana na masimbi ya kahawa, au akiwa na kizunguzungu na weupe usio wa kawaida viganjani, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Vidonge vya madini ya chuma pia hufanya choo kiwe cheusi, lakini msilikisie jambo hilo nyumbani.

Niliwekewa stenti miezi minne iliyopita na ninatumia aspirini pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande. Ramadhani inakaribia, na pia nimezoea kufanya hijama, yaani kuumikwa. Nifanyeje? (Msomaji wa Mji wa Kale)

Dawa zote mbili humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo, ikiwa daktari wako wa moyo amekuruhusu kufunga, unaweza kuzimeza baada ya futari, tumbo likiwa na chakula, na kila siku kwa wakati huo huo. Mwenye kupewa tikagrelori badala ya klopidogreli, ambayo humezwa mara mbili kwa siku, ataigawa kati ya futari na daku. Ukisahau siku moja, endelea na kipimo cha kawaida siku inayofuata bila kukiongeza maradufu. Kubwa kuliko yote ni kwamba usiziache, maana stenti iliyo changa ikiachwa bila kinga huweza kuziba ghafla, na kuziba huko huua.

Kuhusu hijama ya kuchanja, ushauri wangu ni kuiahirisha kwa kipindi hiki. Damu yako kwa sasa hukatika kwa shida, na nisingependa kabisa usimamishe dawa ili upate kuchanjwa. Ukienda kung'oa jino, mwambie daktari wa meno unachotumia. Mara nyingi ataweza kuizuia damu kwa kukandamiza au kushona, bila ya wewe kuacha dawa.

Msimu huu wa mvua homa imeingia mtaani kwetu, tunaambiwa ni dengue. Aspirini inafaa kwa homa hii? Na baba anayemeza ya 75 kwa ajili ya moyo afanye nini akiugua? (Msomaji wa Changamwe)

Haifai. Mombasa imekwisha kupata milipuko ya dengue zaidi ya mara moja, ukiwemo ule wa 2017 na wa 2021, na kila mvua inapofuatiwa na mbu tahadhari hii inapaswa kukumbushwa. Dengue hupunguza chembe sahani na kufanya kuta za mishipa zivuje, na aspirini juu yake huzidisha hatari ya kutokwa damu. Ibuprofeni na diklofenaki nazo ziepukwe. Tumieni parasetamoli, maji ya kutosha, na mkapime malaria na dengue. Watoto walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini kwa homa yoyote, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini huharibu ini na ubongo.

Baba asiamue peke yake. Siku ile ile homa inapoanza awasiliane na daktari wake na apimwe idadi ya chembe sahani, kisha daktari ndiye ataamua kama aspirini isitishwe kwa siku chache, hasa ikiwa ana stenti.

Mimba yangu ya kwanza ilipata kifafa cha mimba. Sasa nina wiki 13, na kliniki wamenipa aspirini. Jirani anasema itatoa mimba. (Msomaji wa Likoni)

Bibi, kliniki wamefanya vizuri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku kwa wajawazito walio katika hatari kubwa ya kifafa cha mimba, ianzwe kabla ya wiki 20, na aliyekwisha kukipata ni mmoja wao, pamoja na wenye presha ya kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo au mimba ya pacha. Utafiti wa mwaka 2017, uliotumia miligramu 150 kila usiku ikianzwa kati ya wiki ya 11 na ya 14, ulipunguza kifafa cha mimba kinachokuja kabla ya wiki 37 kwa zaidi ya nusu. Kwa kipimo hiki kidogo haijaonekana kwamba inatoa mimba. Wakueleze tu ni wiki gani utakapoiacha. Wengi huacha karibu na wiki ya 36. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au ukisikia maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, nenda hospitali hata kama ulipimwa jana.

Vidonge vyangu vinanuka kama siki. Nivimeze? (Msomaji wa Mtongwe)

Usivimeze. Aspirini ikipata unyevu hugawanyika, na moja ya mazao yake ni asidi ile ile iliyomo katika siki. Kwa hewa yetu ya pwani, viache vidonge ndani ya karatasi yake mpaka saa ya kumeza, na usivihifadhi jikoni wala bafuni.

Mtu akishikwa ghafla na moyo nyumbani, ni kweli atafune aspirini? Na akipata kiharusi? (Msomaji wa Majengo)

Kwa maumivu ya kifua yanayobana, yanayoshuka mkononi au kupanda tayani, pamoja na jasho na pumzi kukatika, tafuteni kwanza gari la wagonjwa au usafiri wa kwenda hospitali. Kisha, ikiwa ana fahamu, hana mzio wa aspirini, na hana vidonda vinavyovuja, atafune miligramu 300, yaani vidonge vinne vya 75, kwa sababu kutafuna huifikisha dawa katika damu upesi. Utafiti mkubwa wa mwaka 1988 ulionyesha kwamba aspirini iliyotolewa mapema ilipunguza vifo vya mshtuko wa moyo kwa takriban asilimia 23. Mwenye pumu ambayo hupanda kwa aspirini asipewe.

Kiharusi ni tofauti. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, msimpe aspirini wala kitu chochote mdomoni. Kiharusi huweza kuwa cha bonge au cha mshipa uliopasuka, na kwa macho havitofautishwi. Picha ya ubongo ya mashine ya CT ndiyo inayotenganisha. Andikeni saa dalili zilipoanza, mkaitaje mara tu mnapofika hospitali, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha bonge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu.