Shinyanga haikuokolewa na miche

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: ardhi hugeukaje jangwa, madhara yake ni yapi, na mwananchi wa kawaida afanye nini kuzuia? Naamini wasomaji wengi watataja ukame, kisha watahimiza upandaji miti. Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga, mkoa ambao katika miaka ya 1980 ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania, na niliyoyaona huko yananifanya nisite mbele ya majibu yote mawili.

Nianze na ukame. Mvua ya kwetu, ambayo kwa kawaida ni kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, si mvua ya jangwani. Tulichokosa kilikuwa ardhi ya kuyapokea maji hayo. Nyasi zikiliwa hadi mizizini na kwato zikapita palepale mwaka baada ya mwaka, uso wa udongo hushikana ukawa mgumu kama sakafu. Matone huupiga ukiwa mtupu, chembe laini huziba vitundu, na maji, badala ya kuzama, huteremka yakiwa yamebeba tabaka la juu ambalo ndilo lenye rutuba. Nakumbuka alasiri moja nikiwa mtoto, mvua ilinyesha karibu saa nzima, na ilipokatika baba akachimba kwa jembe kando ya zizi. Unyevu haukuwa umefika hata kina cha kidole, na huku korongo la nyuma ya shule likinguruma maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo sababu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na kuenea kwa jangwa, uliopitishwa Paris tarehe 17 Juni 1994, hauishii kwenye mabadiliko ya hali ya hewa bali unataja pia shughuli za binadamu.

Shughuli zenyewe kwetu zina historia, na si haki kumtwisha mfugaji lawama zote. Wakati wa ukoloni misitu mikubwa ya Usukumani ilifyekwa kwa amri ili kuwafukuza mbung'o, na kazi hiyo ikafungua njia kwa mashamba ya pamba yaliyozidi kupanuka. Mwaka 1974 na uliofuata ikaja Operesheni Vijiji, na familia zikahama kutoka maboma yao yaliyotawanyika kwenda kukaa pamoja, zikiacha nyuma malisho waliyoyatunza wenyewe. Ng'ombe wengi wakajikuta wakichungwa mahali pamoja, na miti iliyozunguka kijiji kipya ikaishia jikoni. Kila hatua ilikuwa na sababu iliyoeleweka kwa wakati wake. Zilipokusanyika ndipo vumbi lilipotokea.

Madhara yake waliyaona kwanza kina mama. Kuni zilipokwisha karibu na nyumbani, safari ya kuzitafuta ikawa ya kutwa, na waliochoka wakageukia mabua ya pamba na samadi kavu. Hapo ndipo tatizo hujizalisha lenyewe: samadi inayochomwa jikoni ni mbolea iliyonyimwa shamba, shamba lililonyimwa mbolea hutoa mavuno haba, na mavuno haba humlazimisha mkulima kufyeka eneo jipya.

Sasa nije kwenye miti. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Mwanzoni ulitegemea vitalu na miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na wananchi hawakuuchangamkia. Mche unataka maji mwezi wa nane, wakati ambapo hata ndama hana. (Kaulimbiu ya "kata mti, panda mti" ingefaa zaidi kama ingeeleza nani atamwagilia.) Mambo yalibadilika pale wataalamu walipokubali kujifunza kwa wenyeji jambo ambalo Wasukuma walikuwa nalo tangu zamani, yaani ngitili. Hili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue zikauke zikiwa zimesimama, kisha likafunguliwa kiangazi kikali, hasa kwa ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Babu hakulizungushia ua. Mpaka ulijulikana, na aliyeingiza mifugo kwa wizi alijibu mbele ya dagashida, mkutano wa wanakijiji, huku sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, wakihakikisha faini inalipwa.

Ardhi iliyofungwa hivyo haihitaji mche. Chini ya udongo visiki vya migunga vilikuwa bado hai, na vilipopumzishwa meno ya mbuzi vikachipua vyenyewe kwa mizizi ambayo tayari ilikuwa imefika kwenye unyevu. Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa zilikuwa takriban hekta 600. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimevuka hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Leo Dodoma wanatumia njia ya aina hiyohiyo kwa jina la Kisiki Hai: mkulima huchagua kisiki, hubakiza machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, na hufunga kitambaa ili mchungaji ajue kwamba mti huo una mwenyewe.

Msomaji anaweza kuuliza kama amri kali isingefanya kazi upesi zaidi. Iliwahi kutumika. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka vibaya, na kweli nyasi zikarudi kwenye makorongo katika miaka michache. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walikwenda kuelemea malisho ya wengine, na baadaye ikabidi kuruhusu ufugaji wa zizini ili watu wapate tena maziwa na samadi. Kondoa ilithibitisha kwamba ardhi hupona ikipumzika, lakini gharama ya mapumziko hayo ilibebwa na jirani.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwananchi wa kawaida ni kufunga sehemu ya ardhi kabla ya kufikiria kitalu, na jibu langu kwa serikali za vijiji ni kuiandika sehemu hiyo katika sheria ndogo na mpango wa matumizi ya ardhi, na pale ilipo ya familia, kuipatia hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Adui wa ngitili siku hizi ni mgawanyo wa urithi. Ya kwetu ilikuwa ekari sita. Mzee alipofariki tuligawana watatu, na ndugu zangu wawili wakalima mpunga. Zilizobaki ni ekari mbili, na mwezi wa nane uliopita ndama wa nyumba zote tatu walilishwa humo.