Kamera za IP kwenye waya wa zamani wa koaksia

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: unatoa kamera za analogi, unaweka za IP (zinazotuma picha kwa mtandao), na hutaki kubomoa kuta ili kuvuta kebo mpya. Usibomoe. Tafuta vigeuzi vya Etherneti kwa koaksia, yaani vifaa vya kupitisha data ya mtandao kwenye waya wa zamani wa kamera, viwili kwa kila waya: kimoja kwenye kamera, kingine upande wa swichi ya mtandao. Chukua jozi inayopitisha na umeme wa PoE (umeme wa kamera unaopita kwenye kebo ileile ya data).

Ila anza na waya wenyewe. Ufuate mwanzo hadi mwisho. Mimi niliwahi kupoteza siku nzima nikilaumu kigeuzi, kumbe darini kulikuwa na kigawanyo cha zamani, kile kinachogawa waya mmoja kuwa matawi. Ukikuta kama hicho kwako, kitoe, pamoja na kikuza mawimbi kama kipo. Kisha chomoa ncha zote mbili na upime kwa multimita: waya wa kati na wavu wa nje visigusane. Halafu viunganishe upande mmoja, upime upande wa pili. Ukinzani uwe wa omu chache tu. Ukiwa mkubwa, kagua kwanza plagi za BNC (zile za mviringo kwenye ncha za koaksia), mara nyingi zimeota kutu. Kama ni nzima, huenda waya wa kati ni chuma kilichopakwa shaba: data itapita, lakini umeme utapungua njiani, na kamera itazimika usiku taa zake za infraredi zikiwaka.

Zile adapta ndogo zisizotumia umeme, zenye BNC huku na RJ45 (tundu la kebo ya mtandao) kule, achana nazo. Ni za video ya analogi.

Ukishapima, weka hapa vipimo na urefu wa waya tuangalie pamoja.