Mnaoanza kazi mkono kwa mkono, mtoto asieleze mara tano

Wadogo zangu mnaoingia ustawi wa jamii, hasa mliopangiwa vituo vya mkono kwa mkono, pale wanapoletwa watoto waloingiliwa, nataka niwaambie machache maana nilipoanza mimi hapa Unguja hakuna alonambia na waloumia ni watoto.

Mtoto akiletwa na inadhaniwa kaingiliwa, ulizeni lini kabla ya kuuliza nani. Dawa za kukinga VVU lazima azianze ndani ya masaa 72 na akiwahi ndo bora zaidi, halafu azinywe siku 28 bila kuruka, sasa mkiambiwa tunamngoja baba yake yuko dago, kambi ya wavuvi, mpaka wiki ijayo, hapana, mtoto aje leo baba atamkuta. Na watu wetu mtoto akipatwa na jambo wanamkogesha na nguo wanafua, msiwagombe, ndo huruma wanayoijua wao. Nguo zije hivyo hivyo hata zimefuliwa, mtie kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, nailoni inaweka unyevu na ushahidi unaharibika.

Sasa hili la kuhoji ndo linaloniuma. Kesi zangu za mwanzo alikuja mtoto wa miaka tisa na shangazi yake, nikamuuliza mtoto huku shangazi kakaa pale pale. Kila swali anamtazama shangazi kwanza halafu anasema sijui, huku anakunja ncha ya mtandio, anaikunjua, anaikunja tena. Keshaeleza kwa mwalimu skuli, kwa sheha, kwa polisi, mimi wa nne na daktari anangoja nje. Nikaandika kwenye faili "mtoto haeleweki". Mtoto alikuwa kachoka tu jamani.

Kile kituo cha mwanzo, cha hospitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja, kilifunguliwa 2011, mwaka ule ule wa Sheria ya Mtoto namba 6 ya Zanzibar, na maana yake ni hiyo hiyo, daktari polisi na ustawi wawe pamoja ili mtoto asizungushwe. Kwa hiyo mmoja aulize wengine wasikilize, mtu mzima alomleta akae nje kama mtoto yuko radhi. Mwambie "hebu nambie ilikuwaje" unyamaze, usimwambie "fulani alikushika hapa eti?" maana atakubali tu akuridhishe na mahakamani wakili ataivunja kesi kwa swali lako hilo. Andika maneno yake mwenyewe, akisema dudu andika dudu. Na usimuahidi kwamba hutomwambia mtu.

Majibu ya daktari yakitoka hakuna jeraha, wafahamisheni wazee kwamba watoto wengi waloingiliwa hawakutwi na alama yoyote, sehemu zile zinapona haraka na mambo mengine hayaachi alama kabisa. Nimeona mtoto anaitwa muongo kwa ajili ya karatasi hiyo moja.

Halafu kuna muhali, ile haya ya kumkatalia mtu wako. Aloshutumiwa ni ami yake, au jirani, watakuja wazee na maneno mazuri ya sitara na undugu, wanataka yaishe nyumbani. Mimi nawakaribisha, nawasikiliza mpaka wamalize, halafu nawauliza leo usiku mtoto analala wapi, na nani mwengine analala nyumba ile? Jibu liandikwe kwenye faili kabla hujafunga ofisi, na kama ni nyumba ile ile ya mshutumiwa mtoto haondoki, mpigie mkubwa wako hata ikiwa saa nne usiku.