Maswali ya Muziki: Mpiga Chapuo na Albamu za Fanki

SWALI: Ndugu mwandishi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Magomeni, Bagamoyo, na hupiga chapuo katika kikundi cha ngoma cha mtaani kwetu. Rafiki yangu alinijazia albamu za fanki, yaani funk ya Wamarekani weusi, kwenye flashi, nikaanza na Maggot Brain ya bendi ya Funkadelic kwa kuwa aliisifu kupita zote. Wimbo wa kwanza ni gitaa linalolia kwa dakika kumi, wala sikuona pa kuchezea. Nikahamia kwa James Brown, nako nikasikia dakika saba za mapigo yale yale, wimbo hausogei. Je, mgeni wa muziki huu aanzie albamu ipi?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako amekupitisha mlango wa uani. Inasimuliwa kwamba George Clinton, kiongozi wa Funkadelic, alimtaka mpiga gitaa Eddie Hazel apige kana kwamba ameletewa habari ya kifo cha mama yake, naye Hazel akapiga hivyo. Basi ulichokisikia katika albamu hiyo ya mwaka 1971 ni kilio, na hakuna aendaye matangani akitarajia kucheza. Iweke kando kwanza, utairudia baadaye.

Lalamiko lako la pili ndilo lenye uzito, maana umekishika kiini cha fanki ukadhani ni kasoro. Katika muziki wa dansi tuliouzoea, besi na gitaa la ridhimu humtandikia mwimbaji mkeka, na wapigaji huachiwa uwanja wimbo unapofika kwenye sebene. James Brown aliupindua utaratibu huo. Katika Cold Sweat ya mwaka 1967 unasikia wazi jinsi alivyotaka kila chombo, hata gitaa na tarumbeta, kipigwe kama ngoma: kila mpigaji ana kipande chake kifupi, hukirudia bila kukengeuka, na wote hukutana kwa kishindo kwenye pigo la kwanza kati ya yale manne. Wewe unalijua jambo hili kuliko mimi. Chapuo likisikilizwa peke yake huchosha, lakini likiingiliana na vumi na msondo watu huinuka, na hakuna anayemuuliza mpiga chapuo mbona habadilishi.

Kwa sababu hiyo ningekushauri uanze na albamu isiyo na mwimbaji, ili sikio lisikimbilie maneno. Albamu ya kwanza ya The Meters, iliyotoka mwaka 1969 kwa jina la bendi yenyewe, ni kazi ya watu wanne wa New Orleans: Art Neville kwenye kinanda, Leo Nocentelli kwenye gitaa, George Porter Jr. kwenye besi, na Joseph Modeliste, maarufu kwa jina la Zigaboo, kwenye dramu. Nyimbo zake ni fupi. Usikilize ule wa kwanza, Cissy Strut, mara nne mfululizo, kila mara ukimfuata mpigaji mmoja tu, nawe utagundua kwamba wanachoachiana ni kikubwa kuliko wanachokipiga.

Ukitoka hapo, mrudie James Brown, ila usipitie mikusanyo ya vibao vyake, kwa sababu vingi vilikatwa vipande viwili ili vienee katika pande mbili za santuri ndogo, na fanki iliyokatwa ni sawa na ngoma iliyozimwa kabla haijapata moto. Chukua The Payback ya mwishoni mwa mwaka 1973, santuri mbili zenye nyimbo nane tu. Ilikusudiwa kuwa muziki wa filamu, wenye filamu wakaikataa, naye akaitoa kama albamu. Kwangu mimi hakurekodi studio kitu kinachoizidi, ingawa wapo watakaonipinga.

Mwaka huo huo Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi, alitoa Head Hunters, yenye nyimbo nne pekee, wa kwanza ukikaribia dakika kumi na sita. Mimi nakuelekeza kwenye wa pili, Watermelon Man, ambao Hancock aliwahi kuurekodi kijazi mwaka 1962. Safari hii unaanza kwa Bill Summers kupuliza chupa ya bia, akipokezana pumzi na sauti yake mwenyewe, kwa kuiga filimbi ya noti moja ya Wabenzele wa misitu ya Afrika ya Kati. Chupa moja na koo moja, na tayari mdundo umesimama. Besi inapoingia inakuta kazi nusu imekwisha.

Kwa Earth, Wind & Fire tafuta Open Our Eyes ya mwaka 1974, hasa wimbo wa Kalimba Story, ambamo Maurice White, kiongozi wa bendi hiyo, anakisifu chombo chake, kalimba, kinachopigwa kwa vidole gumba. Mkazi wa Bagamoyo, mji ambao marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alifundisha katika Chuo cha Sanaa, hahitaji kuelezwa: kalimba ni ndugu mdogo wa ilimba ya Wagogo. Mothership Connection ya Parliament, ya mwaka 1975, ni ya Clinton yule yule, safari hii akiwa na furaha, na itakupatanisha naye. There's a Riot Goin' On ya Sly and the Family Stone, ya mwaka 1971, iache iwe ya mwisho. Ni nzito, ina sauti iliyofifia kama ya mtu aliyekesha, na sehemu kubwa ya mapigo yake yametoka kwenye mashine.

Jambo moja la vitendo: usisikilize kwa spika ya simu. Besi haitoki humo, na fanki bila besi ni wali bila nazi.

SWALI: Mimi ni msomaji wa Dunda, hapa hapa Bagamoyo. Babu yangu husema kwamba muziki huu wa Wamarekani weusi uliwahi kupigwa marufuku nchini. Ni kweli?

JIBU: Babu hakukosea. Mnamo Novemba 1969 uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul, mzazi wa fanki, jijini Dar es Salaam, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa, na wasomaji wa magazeti wakabishana sana, baadhi wakiuliza iweje muziki wa watu wenye asili ya Afrika uitwe wa kigeni. Muulize babu alikuwa upande gani. Miaka mitano baadaye, Septemba 1974, James Brown mwenyewe alipanda jukwaani Kinshasa, katika tamasha lililoandaliwa kuandamana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Onyesho hilo limo katika filamu ya Soul Power ya mwaka 2008, na babu anaweza kuitazama pamoja nawe.